Mnana yupi wa kumfuatilia Bukavu? Ulinganisho wa wafumaji wanne

Mtu akiniambia kwamba msimu huu wa mvua anataka kukaa na daftari na kufuatilia ndege wanaofuma viota, simuulizi kwanza kama ana darubini. Namuuliza nyumbani kwake kuna mti gani, na asubuhi ana dakika ngapi kabla ya kwenda kazini. Majibu ya maswali hayo mawili huamua karibu kila kitu. Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, una bahati katika jambo hili: Ziwa Kivu liko chini, milima iko juu, bustani za mitaa ya Nguba na Muhumba zimejaa ua na miparachichi, na minana wa aina kadhaa wanaishi katika umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu. Tatizo ni kwamba wengi wetu huwaita wote "ndege wa njano", tukadhani kwamba aliyemwona mmoja amewaona wote.

Jioni moja, kwenye baraza la rafiki yangu, niliwasikiliza wazee wawili wakibishana juu ya ndege hawa hadi chai ikapoa. Wa kwanza alishikilia kwamba mnana dume ni bwana wa wake wengi, hodari wa kujenga lakini mvivu wa kulea, na kwamba mti mmoja unaweza kubeba viota mia. Wa pili hakukubali hata kidogo. "Mzee mwenzangu," alisema, "mimi nawaona kila siku kwenye ua wangu, ni wawili tu, mume na mke, mwaka mzima." Kila mmoja alikuwa anasema kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwangalia ndege mwingine. Ndiyo maana naona afadhali kuwalinganisha kabla ya mtu kuchagua, maana msimu ni mfupi, na aliyechagua ndege asiyelingana na nafasi yake huacha daftari likiwa na kurasa tatu tu.

Wanne wenyewe

Mnana, ambaye sehemu nyingine huitwa kwera, ni jina linalobeba ndege wengi wa familia ya Ploceidae, yenye spishi zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika kusini mwa Sahara. Hapa nimechukua wanne wanaopatikana upande wetu wa Kivu, nami nimewapa majina ya kurahisisha mazungumzo, kwa kuwa majina ya vijijini hutofautiana kutoka mlima hadi mlima.

Wa kwanza nitamwita mnana wa makundi, yaani Ploceus cucullatus. Dume lake wakati wa kuzaa lina kichwa cheusi, macho mekundu, na mgongo wenye madoadoa ya njano na nyeusi. Huyu ndiye wa kelele, anayejaza mti mmoja viota vinavyoning'inia kama matunda. Wa pili ni mnana wa bustani, Ploceus baglafecht, ndege wa nyanda za juu. Yule wa kwetu ana kichwa cheusi, mgongo wa kijani kilichofifia, tumbo la njano na macho yaliyopauka. Wa tatu ni mnana miwani, Ploceus ocularis, mwenye uso wa njano uliokatwa na mstari mweusi unaopita kwenye jicho, na dume huongezewa doa jeusi kooni. Wa nne ni mnana mdomo-mnene, Amblyospiza albifrons, ambaye hata hafanani na wenzake: dume ni la kahawia iliyokolea, lina alama nyeupe kwenye paji la uso na kwenye bawa, na mdomo mzito kama koleo.

Yuko na wa tano, Ploceus alienus, anayeishi katika misitu ya milima ya ufa wa Albertine peke yake, yaani tawi la magharibi la Bonde la Ufa, hifadhi ya Kahuzi-Biega ikiwemo. Simweki katika mashindano haya. Ni ndege wa msituni, na mtu anayeanza naye atahitaji ruhusa, mwongozaji na subira ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana.

Ufundi wa kufuma

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana waziwazi, na hapa ndipo mnana wa makundi anapowashinda wenzake kama mwalimu, ingawa si lazima awe fundi bora kuliko wote.

Mwangalie akichuma nyuzi. Hutua kwenye jani la mabingobingo, huuma ukingo wake karibu na shina hadi mdomo ukate kidogo, kisha hushika pale alipokata na kuruka. Jani linachanika kwa urefu wake lote, na ndege anaondoka na ukanda mwembamba mbichi unaopepea nyuma yake. Mtu akikaa karibu vya kutosha husikia mchaniko huo. Ukanda ni lazima uwe mbichi, kwa kuwa ule mkavu hukatika unapopindwa, na ufundi wote umesimama juu ya kupinda: ndege hukanyaga ncha moja kwa mguu juu ya tawi, hupitisha ncha nyingine chini ya nyuzi zilizotangulia, huivuta upande wa pili, kisha huirudisha. Mafundo yake ni mafundo kwelikweli, si majani yaliyorundikwa.

Mpango wa nyumba hauachwi kwa bahati. Dume huanza na pete, duara la wima lililofungwa kwenye tawi linaloning'inia. Husimama ndani ya pete hiyo akielekea upande mmoja tu muda wote wa ujenzi, na mbele yake husukuma nyuzi nje hadi pale mdomo unapofika, ndipo chumba cha mayai kinapopata mviringo wake. Baadaye huegemea nyuma na kufuma sebule upande wa pili wa pete, na chini ya sebule huacha mlango unaotazama ardhini. Kati ya sebule na chumba cha mayai hubaki kizingiti, na kizingiti hicho ndicho kinachozuia mayai yasimwagike upepo unapokitikisa kiota. Juu, kwa ndani, huongeza dari la vipande vya majani mapana ili mvua isipenye; sakafu humwachia jike, ambaye huleta vichwa laini vya nyasi na manyoya. Nicholas na Elsie Collias, mtu na mkewe kutoka Marekani, walimchunguza mnana huyu katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu hatua hizi ilitoka kwao.

Ni wao pia waliodhihirisha kwamba ufundi huu hauji wote na damu. Madume machanga walionyimwa majani mabichi ya kuchezea walipokua walifuma vibaya kuliko wenzao waliopata nafasi ya kujaribu. Kwenye mti wowote wenye kundi, utawatambua vijana hao kwa urahisi: pete zao zimelegea, nyuzi zinaning'inia ovyo, na mara nyingi kazi inaanguka kabla haijafika kwenye paa. Kwa mwalimu anayewaleta watoto, jambo hili pekee linatosha kumfanya achague mnana wa makundi, kwa sababu mti mmoja humwonyesha kazi ya fundi na ya mwanagenzi katika asubuhi ileile.

Mnana wa bustani hafumi kwa umaridadi huo. Kiota chake ni mviringo wa nyasi na vijiti laini vya mimea inayotambaa, mlango ukiwa upande wa chini na mara nyingine ukiwa na kibaraza kifupi. Ukikilinganisha na cha mnana wa makundi utasema kimesukwa kwa haraka. Lakini amekificha. Huwa ndani ya ua, kwenye kichaka kinachotambaa ukutani au katikati ya majani ya mparachichi, na unaweza kunywa kahawa ya asubuhi mita tatu kutoka hapo kwa mwezi mzima bila kujua kwamba una wapangaji.

Mnana miwani ndiye ningempa tuzo ya umaridadi. Hutumia nyuzi nyembamba, na kiota chake huwa na shingo ndefu inayoshuka kutoka kwenye mlango kama soksi, ambayo huweza kufika sentimita 30. Hukitundika kwenye ncha ya tawi jembamba, mara nyingi juu ya maji, mahali ambapo hata mtu mwenye nia mbaya angefikiri mara mbili. Ubaya wake kwa mfuatiliaji ni kwamba kiota ni kimoja, kiko mbali na mkono na mara nyingi mbali na macho.

Kuhusu mnana mdomo-mnene, watu huwa hawaamini. Ukiuona mdomo ule ungedhani ndege huyu anaweza tu kupasua mbegu ngumu, lakini yeye huchana nyuzi nyembamba mno na kufuma kiota kilichobana sana kati ya mabua mawili au zaidi ya matete, kikiwa kimesimama wala hakikuning'inia. Ana na desturi yake ya mlango: dume likiwa bado linatafuta jike huacha mlango mpana pembeni, na kiota kikikubaliwa mlango huo hupunguzwa hadi kuwa tundu dogo. Kwa hiyo ukiwa ufukoni, bila kumwona ndege hata mmoja, unaweza kusema nyumba ipi imepata mwenyewe na ipi bado inatafuta. Sijui ndege mwingine wa kwetu anayebandika tangazo wazi namna hiyo.

Posa, ndoa na malezi

Ukitaka kuelewa ubishi wa wale wazee wawili, linganisha mnana wa makundi na mnana wa bustani peke yao, uwaweke wale wengine kando kwa muda.

Kwa mnana wa makundi, kiota ndicho posa yenyewe. Dume akimaliza kujenga hujining'iniza chini ya mlango kichwa kikiwa chini, akapigapiga mabawa hadi njano ya kwapani ionekane kama taa inayowaka na kuzimika, huku akipayuka. Jike likipita karibu, madume yote ya mti huanza kwa pamoja, na kelele inayozuka hapo ndiyo inayowaamsha majirani. Jike huingia ndani, hukaa, huvutavuta nyuzi kama mama anayejaribu mshono wa kitenge dukani, kisha mara nyingi huondoka bila kuaga. Hapo rangi ya kiota ndiyo saa: kikiwa kijani bado kina matumaini; kikianza kuwa njano matumaini yanapungua, kwa kuwa majike huvipendelea vilivyo vibichi; kikifika kahawia bila mwenyeji, dume hukivunja mwenyewe, uzi kwa uzi, na kuanza kingine palepale. Nimewahi kumwangalia mmoja akifanya hivyo asubuhi nzima kwenye mchikichi wa jirani yangu huko Nguba. Hakuwa na hasira yoyote ya kuonekana. Alivuta, akaachia uzi uanguke, akavuta tena, na chini ya mti mama aliyekuwa akifagia alikuwa akiyakusanya mabaki hayo kwenye lundo lake bila kuinua macho.

Dume huyo akifanikiwa hachukui jike moja tu. Huweza kuwa na majike kadhaa katika viota vyake mbalimbali ndani ya msimu mmoja, na kuatamia ni kazi ya majike peke yao, kwa muda wa siku kama 12. Malezi nayo huangukia zaidi upande wao.

Mnana wa bustani anaishi maisha mengine kabisa. Hukaa wawili wawili, hulinda eneo lao, na kwa kawaida hawahami msimu wa kuzaa unapokwisha. Dume hujenga sehemu kubwa, jike hulainisha ndani, na wazazi wote wawili huleta viwavi na wadudu wengine kwa makinda. Kwa kuwa ni walewale wawili katika ua uleule, baada ya majuma machache unaanza kuwajua: huyu anapenda kupitia kwenye bomba la mvua, yule hutua kwanza juu ya waya kabla ya kuingia. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwenye mti wenye madume thelathini yanayofanana. Mnana miwani naye huishi kwa jozi za kudumu na hula wadudu zaidi kuliko nafaka. Utamtambua kwa mluzi wake unaoshuka sauti kama mtu anayeshuka ngazi. Mdomo-mnene yuko upande wa mnana wa makundi: dume huweza kuwa na majike zaidi ya moja, ila makundi yake ni madogo na yametawanyika kwenye matete.

Adui na mayai

Kwa anayependa kisa chenye mvutano, mnana wa makundi hana mpinzani. Kuna kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani kinachong'aa kama shaba, Chrysococcyx caprius, ambaye hutaga yai lake katika viota vya minana ili walee wao. Minana wamejibu kwa njia ya ajabu: kila jike hutaga mayai ya rangi yake, mengine meupe, mengine ya buluu au kijani, mengine yenye madoa na mengine yasiyo na doa, na rangi hiyo haibadiliki katika maisha ya jike huyo. Yai la mgeni likitofautiana na yake, analitupa nje. Mwaka 2005 David Lahti alitoa utafiti juu ya minana wa spishi hii waliopelekwa na watu visiwani, Mauritius na Hispaniola, ambako kekeo huyo hayupo. Baada ya zaidi ya karne moja bila adui wao, mayai ya majike mbalimbali yalikuwa yamepunguza tofauti zake, na ya jike mmoja hayakuwa tena yanalingana vizuri kama zamani. Lakini nakutahadharisha: usichague ndege huyu kwa tamaa ya kuyaona mayai hayo, kwa sababu ili kuyaona ni lazima ukishike kiota, nalo ni jambo ambalo mfuatiliaji mwenye adabu hafanyi. Utaridhika na yale yaliyotupwa chini.

Adui mwingine ni kipanga mmoja wa kijivu, Polyboroides typus, ambaye kiungo cha mguu wake hupinda mbele na nyuma. Huja juu ya mti wa viota, hujitundika kwenye kiota kwa mabawa yaliyokunjuliwa, kisha huingiza mguu mlangoni na kupapasa ndani kama mtu anayetafuta sarafu iliyoangukia chini ya kabati. Ukiona kundi zima limenyamaza ghafla, inua macho. Nyoka nao huja, na yasemekana ndiyo sababu minana wa makundi hunyonyoa majani ya matawi wanayojengea, ili mgeni asipate pa kujificha. Shingo ndefu ya mnana miwani na maji yaliyo chini yake ni jibu la swali hilohilo kwa mbinu tofauti, na jibu la mnana wa bustani ni kutoonekana.

Gharama na usumbufu wa kila mmoja

Darubini hupendeza, ila kwa wawili wa kwanza haihitajiki kabisa. Mnana wa makundi hujenga karibu na watu, kwenye michikichi, mianzi na mikaratusi, na mnana wa bustani yuko kwenye ua wako. Kwa mnana miwani utaihitaji. Kwa mdomo-mnene utahitaji darubini, viatu vya matope na mtu wa kuongozana naye, maana vinamasi vya kando ya ziwa na vya mabonde ya Kabare si mahali pa kumpeleka mtoto peke yake, na ukingo wa matete hudanganya: panaonekana nchi kavu, kumbe ni mizizi iliyoelea.

Kuhusu majira, minana wa makundi hufuata majani mabichi, kwa hiyo kazi hushika kasi mvua zinapokolea, na mvua zetu huanza Septemba. Anayetaka kuanza Julai, kiangazi kikiwa kimekaza, atakuta mti wenye mabaki ya kahawia na shomoro wachache. Mnana wa bustani hana masharti makali namna hiyo, kwani anaweza kuonekana na kiota karibu mwezi wowote, na hata asipokuwa nacho yeye mwenyewe bado yupo.

Kuna usumbufu ambao vitabu havisemi sana. Mnana wa makundi ana wapinzani miongoni mwa binadamu. Hula mtama, mahindi na mpunga, na wakulima wa bonde la Ruzizi hawana sababu ya kumsifu. Hunyonyoa michikichi hadi ibaki mifupa. Na kelele yake huanza kabla jua halijachomoza. Msimu mmoja nilikuwa nimechora ramani ya mti mzima, kila kiota na namba yake, ishirini na kitu kwa jumla, na nilikuwa nimefika juma la tatu. Nilirudi jioni nikakuta mwenye kiwanja, ambaye sikuwa nimemwomba wala kumweleza lolote, amekatisha matawi yote kwa sababu wapangaji wake walilalamika kuhusu usingizi. Kosa lilikuwa langu nusu nzima. Tangu hapo sianzi kuhesabu kabla ya kubisha hodi, nikaeleza ninachokitafuta na kuuliza kama mti una salama hadi Desemba.

Basi achague nani?

Mwalimu mwenye wanafunzi, au mzazi mwenye watoto wasiotulia, amchukue mnana wa makundi bila kusitasita. Mambo ni mengi, yanatokea mchana mweupe, na mtoto wa miaka 8 anaweza kuandika jambo la kweli siku ya kwanza. Chora mti, uvipe viota namba, na kila asubuhi uandike rangi ya kila kimoja: kijani, njano, kahawia, au "kimevunjwa". Baada ya majuma matatu ukurasa huo utakueleza ni dume gani anakubalika na ni yupi anayefanya kazi ya bure, bila kumgusa ndege yeyote. Kwenye mti uleule ukiona dume jeusi tupu lenye macho ya njano, usifute hesabu zako: huyo ni Ploceus nigerrimus, ambaye hupenda kuchanganyika na makundi ya jirani yake. Mpe safu yake kwenye daftari.

Mtu mzima mwenye nusu saa tu ya asubuhi na ua wake mwenyewe, namshauri mnana wa bustani, na hapa sikubaliani na wanaomwona ni ndege wa kawaida mno. Mnana wa makundi hukuonyesha soko; mnana wa bustani hukuonyesha nyumba. Usitafute kiota kwa kufunua matawi. Kaa mahali pamoja, uone ndege anayebeba kitu mdomoni anapotelea wapi, na kesho yake ukae palepale. Siku ya tatu utakuwa unakijua bila kukisogelea. Andika ni nani ameleta chakula, mume au mke, na baada ya muda gani. Ugumu ni mmoja, nao ni kwamba majuma mengine hayana tukio lolote. Asiyeweza kuvumilia ukurasa mtupu asimchague.

Mnana miwani namwachia mwenye kuishi kando ya kijito au ziwa na ambaye tayari anao uzoefu wa msimu mmoja. Ni ndege wa kukutana naye, si wa kumpangia ratiba. Mdomo-mnene ni wa watu wawili au watatu wanaoweza kutoka Jumamosi mara mbili kwa mwezi. Hesabu yao iwe ya milango tu, mipana mingapi na midogo mingapi, kwani idadi ya milango midogo ikiongezeka wanajua kwamba majike wamefika.

Na mwenye bahati ya kuwa na vyote viwili, mti wa kundi mtaani na jozi kwenye ua, asijigawe. Aanze na mti tangu mvua za Septemba, kwa kuwa kazi ya pete, paa na mlango huonekana vizuri zaidi vinapojengwa vyote kwa wakati mmoja na macho yake yatajifunza hatua hizo haraka. Ikifika katikati ya Oktoba, ageuze kiti chake kielekee kwenye ua. Atashangaa jinsi kiota alichokuwa akikipita kila siku kinavyoonekana sasa, kikiwa na uzi mmoja mbichi unaochungulia nje ya majani.